Maneno ya Watoto na Ukweli wa Wazazi

Hakuna nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu au minne isiyokuwa na akiba yake ya maneno. Baba arudipo jioni, mama humwuliza, “Umesikia alilosema mwanao leo?” Hapo wote wawili hucheka, na neno lile huwekwa lisimuliwe kwa shangazi na wajomba siku ya sikukuu. Miaka kumi ikiisha kupita, mtoto mwenyewe amekwisha kulisahau, lakini wazazi hulikumbuka bado, pamoja na sauti iliyolitamka. Furaha hii hainunuliwi kwa fedha, na maskini anayo sawasawa na tajiri.

Hatuandiki ili kuwanyang’anya wazazi furaha hiyo. Walakini twaona yafaa kuuliza swali ambalo katika kicheko husahauliwa. Tunacheka nini? Na tukiisha kucheka, tuna wajibu gani kwa mtoto aliyetuchekesha?

Tuanze na mifano. Mama fulani amezoea kusema kwamba kaka yake ana mkono wa birika, maana hatoi kitu. Siku moja mjomba huyo afika kuwatembelea. Mtoto amwamkia vizuri, kisha autazama mkono wake wa kuume, azunguka na kuutazama wa kushoto, mwisho auliza kwa adabu yote: “Mjomba, mkono wa birika ni upi?” Katika nyumba nyingine watu wazima wamesema mbele ya mtoto kwamba bibi amekula chumvi nyingi, sasa amechoka, hana siku nyingi. Kesho yake chumvi haionekani jikoni. Inatafutwa kila mahali, mwisho inapatikana chini ya kitanda cha mtoto. “Nimeificha,” asema, “ili bibi asile tena.”

Kisa cha kwanza kinatuchekesha tu. Cha pili kinatuchekesha na papo hapo kinatushika moyoni. Lakini shina lake ni moja. Mtoto amelisikia neno letu, ameliamini kama lilivyo, na ametenda sawasawa na alivyoamini. Hajui bado kwamba watu wazima husema jambo moja wakikusudia lingine. Kwa hiyo kicheko chetu hakitoki katika upumbavu wake. Chatoka katika ile nafasi iliyo kati ya maneno yetu na mambo yenyewe. Mtoto huingia katika nafasi hiyo bila kujua, nasi hushtuka kuiona.

Wako watu wadhanio kwamba mtoto mdogo husema ovyo tu, kwa kuwa akili yake haijafunguka. Wale waliolichunguza jambo hili wameona vingine. Mwandishi Mrusi Kornei Chukovsky aliyakusanya maneno ya watoto kwa miaka mingi, na wazazi wa nchi yake wakawa wakimpelekea barua zenye maneno ya watoto wao. Kitabu chake kilitoka mara ya kwanza mwaka 1928, kikapigwa chapa tena na tena. Hoja yake ni kwamba mtoto wa miaka miwili hadi mitano hufanya kazi kubwa ya akili katika kujifunza lugha, na kwamba hata makosa yake yana utaratibu. Naye Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi, aliandika mwaka 1926 juu ya namna watoto wanavyoufikiri ulimwengu, akaonyesha kwamba wengi wao husadiki kuwa jua na mwezi huwafuata wanapotembea. Mtoto yeyote aliyebebwa mgongoni usiku wa mbalamwezi ameyaona hayo kwa macho yake. Hakukosa kutazama, alichokosa ni maelezo tu.

Mwaka 1958 mtaalamu wa lugha wa Marekani, Jean Berko, aliwaonyesha watoto picha ya kinyama kisichokuwapo duniani, akakipa jina la kubuni, kisha akawaonyesha viwili. Wengi wa watoto hao walitamka wingi wa jina lile bila shida, ingawa hawakupata kulisikia kamwe. Maana yake, mtoto hakariri kama kasuku; hutafuta kanuni.

Kiswahili chetu chathibitisha hayo. Mtoto akisema “hanitaki uji” badala ya “sitaki uji”, twacheka na kumwuliza ni nani huyo asiyemtaka. Lakini tazama: twasema “hatutaki”, “hamtaki”, “hawataki”. Mtoto ameishika kanuni kwa uaminifu; lugha yenyewe ndiyo iliyokwenda kombo. Na wazee wa lugha hii walifanya vivyo hivyo. Walipolipokea neno “kitabu” kutoka kwa Waarabu, waliona “ki” mwanzoni, wakaunda “vitabu”, kama mtoto aliyekwisha kuzoea kiti na viti. Leo nani amchekaye mtu asemaye vitabu? Hata kipilefti cha barabarani, kilichotoka katika Kiingereza, kimekwisha kuzaa vipilefti.

Basi, mtoto si mpumbavu. Ni msikilizaji mwaminifu. Na hapo ndipo wajibu wetu unapoanza, maana msikilizaji mwaminifu huyashika hata yale ambayo hatukutaka yashikwe.

Wasomaji wetu wanakijua kisa cha mgeni mlangoni. Mwenye duka aja kudai deni lake. Baba amwona dirishani, amwambia mtoto, “Mwambie sipo.” Mtoto atoka mbio, asema kwa sauti kubwa: “Baba amesema nikwambie hayupo!” Mwenye duka acheka, majirani wacheka, na kisa chasimuliwa mwaka mzima. Lakini mgeni akiisha kuondoka, hutokea nini ndani ya nyumba? Mara nyingi mtoto huadhibiwa, naye halijui kosa lake. Alipewa neno alipeleke, akalipeleka zima, pamoja na jina la aliyemtuma.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliugawanya uongo katika aina tatu: ule wa mzaha, ule wa kutafuta manufaa, na ule wa kumdhuru mtu. Zote tatu alizihesabu kuwa kosa, ingawa si kwa uzito uleule. Uongo wa baba huyu ni wa aina ya pili, na huenda akajitetea kwamba ni mdogo. Hatutabishana naye juu ya uzito wa deni la sukari na mafuta ya taa. Lakini na aangalie jambo alilolifanya zaidi ya uongo wake. Ameazima kinywa cha mtoto ili kuusema. Alijua kwamba mwenye duka humsadiki mtoto kuliko mtu mzima, akaitumia imani hiyo kuwa ngao yake. Kisha, unyofu wa mtoto ulipomwumbua, akaupiga fimbo.

Mtoto aliyepigwa siku ile hatajifunza kwamba uongo ni mbaya. Atajifunza kwamba uongo hutakiwa usemwe vizuri. Mara ya pili atasema “Baba hayupo” bila kuongeza neno, na baba atafurahi kwamba mwanawe amepata akili. Mara ya tatu atakuwa na umri wa miaka kumi na mitano, naye atamwambia baba yuleyule kwamba ada ya shule amekwisha kuilipa. Wazee husema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, ila sharti tuangalie tunamkunja kuelekea wapi.

Hapa msomaji atatuuliza: Je, mtoto aachwe aseme kila lililo moyoni mwake? Heshima iko wapi? Mgeni mwenye kitambi ameketi sebuleni, mtoto amkaribia na kumwuliza, “Wewe utazaa lini?” Mama atamani ardhi ipasuke immeze. Je, hapo napo tumsifu mtoto kwa unyofu wake?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake lilitolewa zamani. Mtakatifu Augustino, katika kitabu alichokiandika dhidi ya uongo yapata mwaka 420, alitenganisha mambo mawili: kuuficha ukweli kwa kunyamaza, na kutamka lisilo kweli. La kwanza si uongo. La pili ndilo uongo. Adabu njema yote yapata mahali pake katika tofauti hiyo. Mtoto yafaa afundishwe kwamba si kila lionekanalo husemwa mbele ya kila mtu, kwamba mgeni aweza kuumizwa na neno, kwamba liko swali la kuulizwa sebuleni na liko la kumnong’oneza mama baadaye. Huko ni kumfundisha upendo pamoja na ukweli. Lakini kumwambia, “Wewe mwongo, mgeni hana tumbo kubwa,” ni kumfundisha asiyaamini macho yake mwenyewe. Na kumpiga kofi bila maelezo ni kumfundisha kwamba ukweli huleta maumivu tu.

Hata baba yule wa mlangoni alikuwa na njia. Angaliweza kutoka mwenyewe na kusema, “Ndugu yangu, leo sina; nivumilie hadi mwisho wa mwezi.” Aibu yake ingalikuwa ya dakika tano, na mtoto angaliona jinsi mtu mzima anavyolibeba deni lake.

Yako maneno ya watoto tusiyoweza kuyacheka kwa muda mrefu. Babu amekufa. Watu wazima, kwa huruma, humwambia mtoto kwamba babu amesafiri. Siku chache baadaye, matanga yakiwa hayajaondolewa, mtoto aleta makubazi ya babu mbele ya watu wote na kuuliza: “Mbona amesafiri bila viatu?” Mwingine ameambiwa kwamba babu amelala. Usiku ule mtoto akataa kufumba macho, na kila ndugu yake asinziapo, humtikisa.

Twaifahamu huruma iliyowafanya wazazi waseme hivyo. Walitaka kumkinga mtoto na huzuni. Lakini hawakumkinga, walimwacha peke yake, huku wengine wote wakilia pamoja. Mtoto aliyeambiwa kuwa babu amesafiri hungoja. Akingoja sana, na babu hakurudi wala kuleta salamu, aweza kudhani kwamba babu amemchukia. Wataalamu wa malezi siku hizi hushauri neno la wazi, lisemwe kwa upole na kwa kumshika mtoto mkono: babu amekufa, mwili wake haupumui tena, hasikii maumivu, wala hatarudi nyumbani kwetu. Sisi tulio na tumaini la ufufuko twaweza kuongeza tumaini hilo, bila kuufunika ukweli wa kwanza. Maana tumaini lililofungwa pamoja na hadithi ya safari laweza kutupwa pamoja nayo, siku mtoto atakapojua kwamba hapakuwa na safari.

Uko na udanganyifu mwingine ambao wengi wetu hatuuhesabu kuwa udanganyifu. Nao ni ahadi zetu. Mtoto aomba kupelekwa kuuona mto umefurika, au treni ikipita, au ndama aliyezaliwa kwa jirani. Baba amechoka na kazi, asema, “Kesho.” Alfajiri, jua halijachomoza, mkono mdogo wamgusa begani: “Baba, leo ndiyo kesho?” Twacheka, maana mtoto amepotea katika siku. Lakini ni nani hasa aliyepotea? Kwa baba, “kesho” lilikuwa neno la kumnyamazisha mtoto. Kwa mtoto ilikuwa siku ya kweli, yenye jua lake, naye amelala akiingoja. Baba ajibuye, “Naam, ndiyo leo, vaa viatu,” amempa mwanawe kitu kikubwa kuliko ndama. Na ajibuye tena “Kesho”, siku baada ya siku, asistaajabu mtoto akiacha kuuliza.

Limebaki jambo la kicheko chenyewe. Augustino huyohuyo, katika Maungamo yake, asimulia kwamba alipokuwa mtoto alimwomba Mungu asipigwe shuleni, na watu wazima, hata wazazi wake ambao hawakumtakia baya lolote, walikuwa wakiyacheka mapigo yake. Alipoyaandika hayo alikuwa askofu, mtu wa zaidi ya miaka 40, mwenye elimu na sifa. Lakini kicheko kile hakikuwa kimemtoka moyoni. Kwa wakubwa lilikuwa jambo dogo. Kwa mtoto lilikuwa jambo la kumlilia Mungu.

Twalitaja hilo kwa sababu katika nyakati zetu kicheko cha nyumbani kimepata njia ya kutoka nje. Nchini Marekani mtangazaji Art Linkletter alijulikana sana kwa kuzungumza na watoto mbele ya watu, redioni tangu mwaka 1945, na katika televisheni tangu 1952 hadi 1969. Na kitabu chake cha maneno ya watoto, kilichotoka mwaka 1957, kilinunuliwa na watu wengi mno. Alikuwa mpole kwa watoto. Hata hivyo moja ya maswali aliyozoea kuwauliza ni jambo gani mama amewakataza kulisema. Nao watoto, kwa uaminifu wao, walilisema, na watu wakacheka. Watazamaji walipata furaha yao. Siri ya nyumba ilikuwa imekwisha kutoka.

Leo kila mzazi mwenye simu ya mkononi ni mtangazaji. Mtoto wa miaka minne analia, na katikati ya machozi asema neno la kuchekesha. Kabla hajafutwa machozi, amekwisha kurekodiwa na kupelekwa mitandaoni, kwa watu asiowajua wala kuwaona. Wazazi hawakukusudia ubaya. Wanajivunia mtoto wao. Lakini picha ile haikui pamoja na mtoto. Akiwa na miaka kumi na minne, wenzake wa darasani waweza kuiona, naye hatakuwa na njia ya kuirudisha. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 wataja mambo mawili yanayohusika hapa: katika kifungu cha 12, haki ya mtoto ya kutoa maoni yake na kusikilizwa, na katika kifungu cha 16, haki ya kulindiwa faragha yake. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 nayo yaitambua haki ya mtoto kutoa maoni. Ni jambo la kuangalia kwamba sheria hizo zasema juu ya kusikilizwa. Kuchekwa ni jambo jingine, hata kama wachekao ni wengi na wanapenda.

Basi mzazi afanye nini? Twashauri mambo machache yasiyo na gharama. Kwanza, ajibu kabla ya kucheka. Mtoto aulizaye kama mwezi unamfuata hakuja kuburudisha watu. Ameleta swali, naye ana haki ya jibu la kadiri yake. Akiisha kujibiwa, wacheke pamoja. Pili, badala ya kuyatangaza maneno ya mwanawe, ayaandike katika daftari, pamoja na tarehe, na ampe siku atakapokuwa mtu mzima. Hiyo ni zawadi ambayo hakuna duka liuzalo. Tatu, anapotaka kusimulia neno la mtoto kwa rafiki, ajiulize kama angelisimulia hivyohivyo mtoto akiwa ameketi karibu naye, mwenye umri wa kuelewa. Nne, mtoto akilileta neno la aibu kutoka kinywani mwa mzazi mwenyewe, mzazi asimtafute mwenye kosa mbali.

Mtoto atajifunza upesi kwamba mkono wa birika si birika, kwamba chumvi ya bibi ni miaka yake, na kwamba leo haiwi kesho. Hatuwezi kumzuia asikue, wala haifai. Lakini iko siku, isiyoandikwa katika kalenda yoyote, ambapo mtoto ataacha kulipokea kila neno letu kama lilivyo, na kuanza kulipima. Atalipima kwa yale tuliyomwambia wakati alipoyaamini yote: habari za mgeni mlangoni, habari za babu, habari za kesho. Wazazi wenye watoto wadogo wangali na nafasi. Jioni hii watakapoketi kula, na kinywa kidogo kitakapofunguka na kusema neno la kuwachekesha wote, na wacheke kwa furaha. Kisha wamgeukie mtoto, na wamwambie kweli.